Nani Anabeba? Shajara ya kuhamisha kompyuta 46

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimekabidhiwa mradi rasmi. Ndani yake kuna mambo mawili. La kwanza, kompyuta zote 46 za ofisi ziwe zimetoka kwenye Windows 10 kabla ya tarehe 14 Oktoba, siku ambayo Microsoft itaacha kuitolea masasisho ya usalama ya bure. La pili, daftari la mahudhurio la getini liondoke, na nafasi yake ichukuliwe na mfumo wa mahudhurio na likizo unaotumia simu. Bajeti inatosha kununua kompyuta mpya 9, basi.

Nimeanza na ukaguzi. Windows 11 haikubali kila mashine: inadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Kati ya 46, zimepita 27 na zimekwama 19. Hizo 19 si mbovu. Zinawaka, zinachapa, zinafungua barua pepe. Zilitengenezwa mapema tu kuliko masharti yaliyowekwa baadaye.

Kilichonisimamisha ni orodha ya wanaozitumia. Masjala 6, makarani wa uhasibu 4, stoo 4, mapokezi 2, chumba cha mafunzo 2, chumba cha walinzi na madereva 1. Ghorofa ya uongozi haina hata moja. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivi. Kila zinaponunuliwa mpya huanzia juu, na zile za juu hushuka ngazi moja, kisha nyingine, mpaka zinamfikia mtu asiye na wa kumshushia. Ndiyo maana anayechapa kutwa nzima ana mashine nzito kuliko zote, na anayefungua barua pepe mara 2 kwa siku ana nyepesi kuliko zote.

Jedwali la mradi lilikuwa na safu nne za kawaida: kazi, mhusika, tarehe, hali. Nimeongeza ya tano na kuiita "Nani anabeba". Kila badiliko lina gharama: muda, fedha, bando, hata ile aibu ya kuuliza jambo dogo mbele ya wenzako. Nimeshafanya miradi 3 ya namna hii, na katika yote gharama hizo hazikuandikwa popote, ingawa kila mara kulikuwa na mtu aliyezilipa. Safari hii kila mstari utaonyesha zimemwangukia nani.

Alhamisi, 7 Agosti

Kikao cha mgawanyo. Pendekezo lililokuwa mezani ni lile la siku zote: mpya 9 ziende kwa wakuu wa idara, zao zishuke. Karatasini hakuna tofauti, kwa kuwa kompyuta za wakuu nazo zinakubali Windows 11.

Nilikwenda na hesabu mbili. Kwanza, njia hiyo inataka kuandaa mashine 18 badala ya 9, maana kila mpya inavuta nyuma yake ya zamani ambayo lazima isafishwe na kupangwa upya. Pili, juzi saa 2 asubuhi nilikaa masjala nikapima kwa saa ya simu: tangu kubonyeza kitufe cha kuwasha mpaka faili la kwanza kufunguka ni dakika 6 na sekunde 20. Watu 6, kila siku ya kazi. Halafu kwenye tathmini ya mwaka tunawaandika kwamba wanachelewa kuanza kazi. Jambo hilo liliniuma nilipolitamka, na nadhani liliwafikia, kwa sababu kikao kilinyamaza kidogo.

Mkuu mmoja wa idara alisema, "Bwana, kompyuta ya kiongozi ni sura ya ofisi." Nilimwambia, "Ni kweli, mzee, lakini mteja wetu haingii humo ofisini. Anasimama pale dirishani akisubiri jalada lake." Mkurugenzi aliamua nusu kwa nusu: 7 ziende moja kwa moja kwenye meza za kazi, 2 ziende juu na zao zishuke stoo. Nimekubali, ingawa sikuridhika.

Zinabaki 10. Microsoft inauza masasisho ya ziada: kwa taasisi ni dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na ada inakuwa maradufu kila mwaka kwa miaka isiyozidi 3. Yaani 61, halafu 122, halafu 244. Jumla dola 427 kwa mashine ambayo mwisho wake ni kuondolewa tu. Njia nyingine ni Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao hauna ada ya leseni, na toleo lake la 22 litahudumiwa hadi 2029. Nimeomba siku chache za majaribio.

Jumatano, 13 Agosti

Majaribio yamekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nimechukua kompyuta moja ya masjala, nikatoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, nikaongeza memori kutoka GB 4 hadi 8, nikasimika Linux Mint. Sasa inawaka kwa sekunde 38. Barua zilizoandikwa kwa fonti ya Calibri zinafunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa Carlito, fonti ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari na kurasa hazikusogea. Kilichokwama ni majedwali ya uhasibu yenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya jedwali. Yale yaliandikwa kwa ajili ya Excel, na nusu yake hayakufanya kazi. Makarani wa uhasibu watapata mashine mpya.

Mama mtunza masjala alikuja kuangalia. Nikaanza kumweleza habari za mfumo endeshi, akanikatiza: "Mwanangu, mimi jina lake halinihusu. Nionyeshe faili langu liko wapi na nikikosea nimwite nani." Nimeandika maneno yake juu ya jedwali la mradi, kwa sababu swali lake la pili ndilo tunalolisahau. Jiji la Munich huko Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likamaliza mwaka 2013 likiwa na kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Sababu zimebishaniwa sana, na siasa zilikuwamo, lakini malalamiko ya watumiaji yalikuwa sehemu ya mjadala. Mimi ninachukua hili: programu ikiwa nzuri kiasi gani, kama mtu akikwama hana pa kwenda, ataichukia, na atakuwa na haki.

Mpango wa Linux: masjala 6, mafunzo 2, walinzi na madereva 1, na ile ya mezani kwa mpokea simu 1.

Ijumaa, 22 Agosti

Mafunzo yalikuwa yamepangiwa Jumamosi 2 mfululizo, bila malipo, na barua ilikuwa imeshachapwa. Nikajaza safu ya tano: wanabeba wafanyakazi 61, siku zao za mapumziko. Nilimpelekea meneja mstari huo peke yake, bila maelezo. Tumekubaliana mafunzo yawe saa za kazi, vikundi vya watu 4, saa 2 kila kikundi. Alihofia kazi italala. Italala kidogo, ni kweli. Ofisi ndiyo iliyotaka badiliko, basi muda utoke kwa ofisi.

Nina neno la kuongeza kuhusu mafunzo, kwa sababu nimelibeba tangu siku nyingi. Mwaka 2007 Office ilipoondoa menyu za zamani na kuweka ule utepe wa vitufe, nilikuwa na mwenzangu aliyekuwa akichapa barua haraka kuliko sisi sote. Alijua kila kitu kilipo kwa kukariri. Siku ya kwanza ya utepe alikaa akitafuta mahali pa kupanga aya, na kijana aliyeajiriwa mwezi uliotangulia akamsogezea kipanya. Hakuwa amesahau kazi. Vitufe vilikuwa vimehamishwa usiku mmoja, na ustadi wa miaka ukahama navyo. Ofisi ikaanza kumwita mzito. Alistaafu mapema. Kwa hiyo katika mafunzo haya nimepiga marufuku jambo moja: mkufunzi kushika kipanya cha mwanafunzi. Aeleze kwa mdomo, mwenyewe atabonyeza.

Jumanne, 2 Septemba

Mfumo wa mahudhurio umewashwa. Unavyofanya kazi ni rahisi: unafungua programu kwenye simu, unabonyeza "Nimefika", simu inatuma saa na mahali ulipo.

Wafanyakazi 14 kati ya 61 hawana simu janja. Karibu wote ni walinzi, wasafishaji na madereva. Jibu la kwanza la idara ya utumishi lilikuwa kwamba "wajitahidi kupata". Safu ya tano ya mstari huo ilinitia uchungu: mtu anunue kifaa kwa mshahara wake ili mwajiri athibitishe kwamba amekuja kazini. Wenye simu nao wanatumia bando lao. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo nilivyoona kikaoni: waliosema ni jambo dogo ni wale wanaolipiwa simu na ofisi.

Tumepata tableti 2, moja lango la mbele na moja lango la nyuma, kila mtu anaingiza namba yake. Kutumia simu binafsi ni hiari. Nimezima pia kipengele cha kufuatilia mahali mtu alipo muda wote. Sasa kinasoma mahali mara moja tu, pale anapobonyeza. Kilikuja kikiwa kimewashwa.

Kwa wanaoingia kwenye barua pepe kwa hatua mbili, yaani neno la siri kisha namba, nimeacha kutumia namba za siri za SMS na kuweka programu ya kutoa namba. Wengi walidhani inakula bando. Haili. Simu na seva, ile kompyuta kuu inayopokea taarifa, zinashirikiana siri moja tangu siku ya kusajiliwa, kila upande unaangalia saa yake na kukokotoa namba ileile, na namba inabadilika kila baada ya sekunde 30. Inafanya kazi hata simu ikiwa haina mtandao kabisa. Nilirudia maelezo haya mara nyingi leo, kwa moyo mweupe, kwa sababu mtu akielewa kitu hakimtishi.

Jambo jingine dogo: nimeondoa sharti la kubadili neno la siri kila siku 30. Tangu 2017 mwongozo wa NIST, taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, unashauri watu wasilazimishwe kulibadili kwa kalenda, bali pale kunapokuwa na dalili kwamba limevuja. Lile sharti lilikuwa linawafanya watu waandike maneno yao ya siri kwenye vikaratasi, kisha wanagombezwa kwa vikaratasi.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ndefu, na nimeandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi nieleze kwa mpangilio.

Mzee mlinzi wa zamu ya usiku wa lango la nyuma alinifuata asubuhi akiwa na barua ya makato. Amekatwa kwa kuchelewa mara 3 ndani ya wiki 2. Hakupiga kelele. Alitoa mfukoni daftari dogo, mle ameandika kwa kalamu saa yake ya kufika, siku kwa siku. "Kijana wangu," akasema, "mimi nilianza kuandika tangu siku mliyoleta hiyo tableti. Sikuwa na ubaya nayo. Nilitaka tu na mimi niwe na changu."

Nilifungua kumbukumbu za mfumo. Katika siku zile 3, daftari lake na mfumo vinapishana kwa dakika 9, dakika 23 na dakika 41. Kama ni uongo, ni uongo wa ajabu, kwa sababu siku nyingine zote vinalingana hadi dakika. Nikaenda lango la nyuma na tableti, nikasimama pale nusu saa. Mtandao unakatika na kurudi. Nikabonyeza "Nimefika" wakati umekatika. Tableti ikasema imepokea. Mtandao uliporudi baada ya dakika 12, mfumo uliandika kwamba nimefika dakika 12 baadaye.

Hapo ndipo kosa lilipo. Mfumo haunakili saa ambayo mtu amebonyeza. Unanakili saa ambayo taarifa imefika kwenye seva. Lango la mbele, penye mtandao wa kutosha, saa hizo mbili ni kitu kimoja, na ndiko mfumo ulikojaribiwa. Hakuna aliyejaribu lango la nyuma usiku, kwa sababu hakuna mkuu anayeingilia lango la nyuma usiku.

Nilimpelekea afisa utumishi. Jibu lake la kwanza: "Mfumo hauna sababu ya kumwonea mtu." Yeye si mtu mbaya, na alikuwa anasema anachokiamini kwa dhati. Lakini ni maneno haya haya yaliyowaangamiza watu Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 ofisi za posta za huko ziliwekewa mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Waendesha posta wadogo walisema hawajaiba. Mfumo ulisema fedha hazipo. Sheria ya huko ilikuwa inachukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mwendesha posta wa kijijini angethibitishaje yaliyomo ndani ya seva asiyoweza kuifungua? Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani hadi mwaka 2015. Wengine walifungwa, wengine walilipa upungufu huo wa uongo kwa akiba zao, wengine wamekufa kabla ya kusafishwa majina. Mwaka 2019 mahakama kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Makato ya mzee huyu ni madogo ukilinganisha na hayo. Chanzo chake ni kimoja: anayeshtakiwa na mashine anaambiwa alete ushahidi, na ushahidi wote uko ndani ya mashine. Kama asingekuwa na daftari, ningemwamini? Nimejiuliza hilo mchana kutwa. Nadhani ningemwambia nitaangalia, halafu ningeangalia kumbukumbu zilezile zinazosema amechelewa.

Nimependekeza kwa maandishi mambo yafuatayo. Makato yote yaliyotokana na mfumo tangu 2 Septemba yasitishwe. Wauzaji wa mfumo wahifadhi saa zote mbili, ya kubonyeza na ya kupokelewa, na mfanyakazi aweze kuziona za kwake. Kabla ya kumkata mtu, mtu mwenye jina azungumze naye na asaini. Na wajibu wa kuthibitisha uwe juu ya ofisi.

Alhamisi, 25 Septemba

Wauzaji wamekiri kasoro ya saa. Marekebisho yanakuja katikati ya Oktoba. Makato yamesitishwa.

Leo nimegundua kosa ambalo ni langu mwenyewe. Dada mpokea simu wetu haoni. Anafanya kazi kwa NVDA, kisoma skrini cha bure kinachomsomea kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta, na kwa kibodi ni mwepesi kuliko mimi na kipanya changu. Nilimweka kwenye orodha ya Linux bila kumuuliza. NVDA inafanya kazi kwenye Windows tu. Linux ina kisoma skrini chake, Orca, ambacho watu wanakitumia vizuri, lakini kwake ingekuwa kuanza upya: amri nyingine, sauti nyingine, mazoea ya miaka kutupwa, huku simu zinaita. Ni jambo lilelile nililolilalamikia tarehe 22 Agosti, na mimi ndiye niliyekuwa nalitenda. Nimemwomba radhi. Amepewa mashine mpya iliyokuwa iende stoo.

Tulipokaa pamoja akanionyesha lililo baya zaidi. Kwenye ukurasa wa kuomba likizo, kisoma skrini kinamsomea "kitufe", "kitufe", "kitufe", "kitufe", "kitufe". Vitufe 5 vyenye picha, hakuna hata kimoja chenye jina ndani yake. Kimoja ni cha kutuma ombi, kimoja ni cha kufuta. Tangu mwezi huu uanze amekuwa akimwomba mwenzake amjazie, maana yake mwenzake anajua kila anapokwenda hospitali na sababu yake. Hakusema kwa sababu hakutaka aonekane anakwamisha mradi.

Kukipa kitufe cha picha jina linalosomeka ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo. Si sharti jipya: mwongozo wa kwanza wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wenye ulemavu, wa mwaka 1999 ulishadai picha ziwe na maneno mbadala, na WCAG 2.0 ya mwaka 2008 ikaeleza wazi kwamba kila kitufe kiwe na jina ambalo programu saidizi inaweza kulisoma. Wauzaji walisema itaingia kwenye toleo lijalo. Niliwaambia kwamba hatutasaini makabidhiano bila hilo. Likafanyika ndani ya siku 4. (Nimeongeza sentensi hii tarehe 29.)

Kuanzia sasa yeye ndiye mjaribu wa kwanza wa kila ukurasa mpya, na kazi hiyo imeandikwa kwenye majukumu yake na muda wake umetengwa. Sitaki iwe fadhila anayotufanyia baada ya kazi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mambo mawili.

La kwanza, kuhamisha kumbukumbu za likizo. Mfumo wa zamani ulikuwa na rekodi 69,648. Faili lililotoka lilikuwa na mistari 65,536 kamili, na namba hiyo tu ilinifanya niache kila kitu. Ndiyo ukomo wa mistari wa mafaili ya Excel ya zamani, yale ya .xls. Ukiondoa mstari wa vichwa, rekodi 4,113 zilikuwa zimekatwa bila onyo lolote. Mwaka 2020 kasoro ya aina hii iliwafanya wataalamu wa afya wa Uingereza wakose kuripoti kwa wakati wagonjwa 15,841 wa korona. Sisi faili letu lilipangwa kwa namba ya ajira, kwa hiyo waliokatwa ni wenye namba za juu kabisa: wafanyakazi wa mkataba, wa karibuni. Wangeamka wakakuta siku zao za likizo ni sifuri, na wao ndio wangekuwa wa mwisho kuthubutu kulalamika. Nimetoa upya kwa CSV, faili la maandishi matupu lisilo na ukomo huo, nimehesabu, zimelingana.

La pili ni zito. Nimekuta ripoti ya shughuli imewashwa: kila mfanyakazi kwa jina, dakika alizogusa kibodi, dakika alizokaa kimya. Meneja mmoja ameipenda. Nilimkumbusha kilichotokea mwishoni mwa 2020, Microsoft ilipotoa kipimo chake cha tija kilichoonyesha matumizi ya mtu mmoja mmoja. Watetezi wa faragha walipinga, na ndani ya muda mfupi kampuni ikatangaza kuyaondoa majina. Kisha nikamwomba tusome pamoja ripoti yetu ya masjala. Mama mtunza masjala alikuwa na dakika 190 za "kutokuwepo" Jumatano. Jumatano alikuwa anapanda ngazi kwenye rafu akitafuta majalada ya ukaguzi, yale ambayo meneja huyohuyo aliyaagiza. Kazi yake nyingi iko mbali na kibodi. Kipimo kinachohesabu vidole kitampa alama za chini kila wiki mpaka astaafu.

Majina yameondolewa, zimebaki jumla za idara, na wafanyakazi wote wameandikiwa barua kueleza nini kinahifadhiwa na kwa siku ngapi. Sikupata nililolitaka lote. Uongozi umebakiza haki ya kuomba ripoti ya mtu mmoja kwa sababu za uchunguzi, kwa maandishi. Nilitaka mfanyakazi ajulishwe ombi linapofanywa. Hilo limekataliwa. Nimeliacha kwenye jedwali likiwa na alama nyekundu, na nitalirudisha.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku yenyewe. Windows 11 kwenye mashine 27 za awali na mpya zote 9. Linux Mint kwenye 8. Hizo ni 44.

Linux ya 9, ya chumba cha walinzi na madereva, inamaliziwa kesho. Nilichelewa kwa sababu printa yao ilikuwa inasumbua. Iliyobaki ni ya stoo, iliyounganishwa na mizani ambayo programu yake haikubali mfumo mwingine zaidi ya Windows 10. Hiyo tumeilipia masasisho ya ziada kwa mwaka mmoja.

Ila hesabu hii inaficha jambo. Mbili kati ya mpya 9 ni za wakuu, ziko tayari mezani kwao, na zao za zamani zilipaswa kuwa zimeshuka stoo. Wakuu wako safarini na hawajazikabidhi. Makarani wawili wa stoo leo wameamka na kompyuta zisizo na ulinzi, na nimelazimika kuzitoa kwenye intaneti, kwa hiyo wanaandika mapokezi ya mizigo kwa mkono na kuja kuyaingiza kwenye mashine ya chumba cha mafunzo. Nimejaza safu ya tano kwa majina ya vyeo vyao na idadi ya saa, na nakala nimeituma kwa mkurugenzi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kompyuta za stoo zimeshuka tarehe 21. Wiki nzima walibeba wao.

Toleo jipya la mfumo wa mahudhurio limewekwa. Saa mbili zinaonekana, na kila mtu anaziona za kwake. Jana usiku nimekwenda mwenyewe lango la nyuma kulijaribu, mtandao ukiwa umekatika, na imeandika saa sahihi. Makato ya mzee mlinzi yamerudishwa kwenye mshahara wa mwezi huu, pamoja na ya wenzake 2 wa zamu hiyo ambao hawakuwa wamelalamika. Wao hawakuwa na madaftari. Tuliwaamini kwa sababu ya la kwake.

Nilimkuta akiandika saa yake kama kawaida. Nikamwambia sasa mfumo umerekebishwa. Akasema, "Vizuri sana, kijana wangu," akaendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari. Daftari lilikuwa limebakiza kurasa 3.

Leo nimeongeza mstari kwenye orodha ya manunuzi ya mradi: madaftari 2 na kalamu, lango la nyuma, zamu ya usiku. Nani anabeba: ofisi.